Choibalsan na Nyika Isiyo na Uzio

Ukitoka Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, ukashika barabara ya mashariki, vilima vitakusindikiza kwa nusu ya kwanza ya safari. Baada ya mji wa Chinggis, ambao hadi mwaka 2013 uliitwa Öndörkhaan, vilima vinaanza kuwa vifupi, kisha vinakwisha kabisa. Mbele yako yanabaki majani na mbingu. Kilomita kama 650 kutoka mji mkuu, kwenye ukingo wa mto Kherlen, ndipo ulipo Choibalsan, makao makuu ya mkoa wa Dornod. Ni mji mkubwa kuliko yote ya mashariki ya nchi hiyo, na ukishaupita hukuti mji mwingine wa kiasi chake mpaka uvuke kuingia Urusi au China.

Mkoa wa Dornod una kilomita za mraba zipatazo 123,600. Malawi nzima haifiki ukubwa huo. Lakini Malawi ina watu zaidi ya milioni 20, na Dornod ina watu 80,000 na ushee, ambao nusu yao au zaidi wamejikusanya Choibalsan. Waliobaki wametawanyika katika wilaya zenye vijiji vidogo: shule moja, zahanati moja, maduka machache, benki, na baada ya hapo ni wafugaji na mifugo yao. Unaweza kusafiri saa nzima kwa gari bila kuona nyumba, kisha ukaona hema moja jeupe kwa mbali na farasi kadhaa karibu yake.

Nyika hii si ile ya miiba na mibuyu tunayoijua kati ya Voi na Mtito Andei. Haina mti. Miti michache ya asili iko kandokando ya mto tu. Kwingine kote ni majani yanayofika magotini katika mwaka mzuri, na uwanda wa Menen, ulio kusini-mashariki mwa mji, umenyooka kiasi kwamba dereva mgeni hukosa alama yoyote ya kumwongoza. Nchi ni ya juu kwa jumla, lakini hapa ndipo inaposhuka: Choibalsan iko mita 750 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa Khökh, kaskazini-mashariki, ndilo bonde la chini kuliko yote ya Mongolia, mita 560 hivi. Mvua na theluji kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 250, chini ya nusu ya mvua ya Dodoma, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Juni na Agosti. Kwa maji hayo mkulima hawezi kutegemea shamba. Majani ndiyo yanayotosheka nayo, na maisha yote ya eneo hili yamejengwa juu ya majani.

Mto Kherlen ndio uliouweka mji hapo. Unaanzia milima ya Khentii, kaskazini-mashariki mwa Ulaanbaatar, unapita katika mbuga alikokuwa na kambi yake Chinggis Khan, kisha unatiririka polepole kuelekea mashariki hadi ndani ya China. Safari yake ya kilomita 1,254 inaishia ziwa Hulun. Mvua zikiwa nyingi kwa miaka kadhaa mfululizo, ziwa hilo hufurika kuingia mto Argun, na maji ya Choibalsan yakafika bahari ya Pasifiki kwa njia ya mto Amur. Miaka mingi hayafiki. Yanaishia ziwani na kugeuka mvuke.

Nalitaja hilo la mto kwa sababu lina mfanano na mambo mengi ya mji huu. Mto wake unakwenda China. Reli yake inakwenda Urusi. Jina lake ni la kiongozi aliyetumikia zaidi matakwa ya Moscow. Mtu anayetaka kuuelewa Choibalsan kwa kuitazama ramani ya Mongolia peke yake ataona mji wa pembeni, uliosahauliwa. Akiongeza Urusi upande wa kaskazini na Manchuria upande wa mashariki, ataona mji uliokuwa kwenye njia panda, ukajengwa na kubomolewa kadiri majirani walivyouhitaji au walivyoacha kuuhitaji.

Katika karne ya 19 palikuwa na monasteri ya Kibudha na soko la wafanyabiashara wa Kichina, watu wakibadilishana ngozi, sufu na mifugo kwa chai na vitambaa. Mwaka 1895, si mbali na hapo, alizaliwa Khorloogiin Choibalsan. Mama yake alikuwa maskini, na kijana akapelekwa monasterini kuwa mtawa. Akatoroka angali kijana, akaenda mji mkuu, akajifunza Kirusi, akaingia katika kundi dogo la wanamapinduzi walioleta jeshi la Urusi mpya ya kikomunisti mwaka 1921. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 alikuwa ameshika nchi yote mkononi. Kati ya 1937 na 1939, chini ya uongozi wake na kwa shinikizo la Stalin, watu wasiopungua 20,000 waliuawa, wengi wao watawa wa Kibudha. Monasteri zilibomolewa nchi nzima, pamoja na ile ya mji huu aliokulia. Mwaka 1941, akiwa bado hai na madarakani, mji ukapewa jina lake. Alifariki Moscow mwaka 1952.

Wengi hushangaa kwamba jina halikubadilishwa baada ya mfumo wa chama kimoja kuanguka mwaka 1990. Lakini ukiwauliza Wamongolia habari za Choibalsan, utapata majibu mawili yanayokaa pamoja katika mtu yule yule: aliwaua watawa wetu, na aliilinda nchi isimezwe na Japani na China. Sioni unafiki katika majibu hayo. Ni hesabu ngumu ambayo taifa dogo lililobanwa kati ya wakubwa wawili linapaswa kuifanya, na watu wa Dornod wana sababu ya kuifanya kwa makini kuliko wengine, kwani vita vilipiganwa kwao.

Vita vyenyewe vilikuwa vya mto Khalkh, mwaka 1939, karibu na mpaka wa Manchuria iliyokuwa imetekwa na Japani. Wajapani walidai kwamba mpaka ni mto. Wamongolia na Warusi walisema mpaka uko mashariki ya mto, umbali wa kilomita 20 hivi. Kwa ukanda huo wa mchanga na majani makavu, majeshi yalipambana kuanzia Mei hadi Septemba, kwa vifaru na ndege kwa mamia. Jenerali Georgy Zhukov, ambaye jina lake lilikuwa bado halijulikani duniani, alianzisha shambulio kubwa tarehe 20 Agosti, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amelizunguka na kulivunja jeshi la Japani. Tatizo lake kubwa lilikuwa umbali. Stesheni ya reli ya kuaminika ilikuwa Borzya, Siberia, zaidi ya kilomita 600 kutoka uwanja wa vita. Malori kwa maelfu yalikwenda na kurudi nyikani usiku na mchana yakibeba risasi, mafuta, na hata kuni za kupikia, maana askari hawakuwa na mti wa kukata.

Wanahistoria wengi wanaona kwamba kipigo hicho kilichangia kuwafanya Wajapani waache mawazo ya kwenda Siberia na kugeukia kusini, kuelekea Malaya, Indonesia na Burma. Wazee wetu wa Tanganyika, Kenya na Uganda waliochukuliwa na jeshi la kikoloni la KAR kwenda kupigana katika misitu ya Burma mwaka 1944 hawakuwahi kusikia jina la mto Khalkh. Hata hivyo sehemu ya sababu ya kukutana kwao na Wajapani huko iliamuliwa kwenye nyika hii. Mjini Choibalsan limesimama tao kubwa la ukumbusho na mpanda farasi wa Kimongolia anayekwenda vitani, na kifaru cha Kisovieti karibu yake.

Reli iliyojengwa wakati huo ndiyo iliyoupa mji umbo. Inatoka mpaka wa Urusi, kituo cha Ereentsav, inashuka kusini kilomita 238 na kuishia Choibalsan. Haikuunganishwa na reli kuu ya Mongolia wakati ule, na miaka zaidi ya 80 baadaye bado haijaunganishwa. Gunia la unga la kutoka Ulaanbaatar linafika kwa lori. Behewa la kutoka Siberia linafika kwa reli. Kwa miaka hamsini hali hiyo haikuwa kero, kwa kuwa kila kitu kilitoka Urusi: mashine, mafuta ya petroli, walimu wa vyuo, wahandisi, vitabu vya shule. Vilijengwa viwanda vya kusaga unga, kuchinja na kusindika nyama, kuosha sufu na kufuma mazulia. Ilijengwa stesheni ya umeme inayotumia makaa ya mawe ya mgodi wa Aduunchuluun, jirani na mji. Upande mmoja wa mji ukawa wa jeshi la Kisovieti, wenye kambi, shule na nyumba za familia za maofisa.

Kaskazini ya mji, katikati ya nyika, palikuwa na mji mwingine ambao haukuonyeshwa kwenye ramani. Uliitwa Mardai. Warusi waliujenga katika miaka ya 1980 kwa ajili ya madini ya urani, wakauvutia tawi la reli, wakajenga maghorofa na maduka yaliyojaa bidhaa ambazo Wamongolia wa kawaida hawakuzipata. Urani ilipakiwa kwenye mabehewa na kwenda Siberia. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, kazi ikadhoofika, na katikati ya miaka ya 1990 ikasimama. Kilichofuata kilichukua muda mfupi: wenyeji waliokuwa wamepoteza kazi na mishahara walikwenda kung'oa nyaya, mabomba, nondo na hata reli, wakauza vyuma chakavu China. Leo pale pamebaki magofu. Urani ingali ardhini. Kampuni moja ya Kanada, Khan Resources, ilipata leseni yake, serikali ikaifuta mwaka 2009, wakapelekana kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2016 Mongolia ikakubali kulipa dola milioni 70 ili shauri liishe.

Majeshi ya Kisovieti yalikamilisha kuondoka Mongolia mwaka 1992. Choibalsan ikapoteza kwa mpigo mmoja mteja wake, mwajiri wake na sehemu ya majengo yake. Maghorofa ya askari yaliachwa wazi, milango ikachukuliwa, kisha madirisha, kisha matofali. Viwanda vikafungwa au vikapungua. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki aliyeona mashamba ya katani ya Tanga yakibaki bila watu, mabehewa ya kubebea yakishika kutu, anaweza kuelewa haraka hali ya mji wa namna hiyo. Kilichoniathiri zaidi katika habari za miaka ile ni uamuzi wa familia nyingi kurudi kwenye mifugo. Fundi mitambo na karani walichukua mgao wao wa kondoo kutoka ushirika uliovunjwa, wakajifunza upya kazi ya babu zao, baadhi wakafaulu. Wengine majira mabaya yaliwamaliza.

Choibalsan ya sasa ina zaidi ya watu 40,000. Katikati kuna uwanja mpana, ofisi ya mkoa, ukumbi wa michezo ya kuigiza, jumba la makumbusho, benki, na maghorofa ya enzi ya Kisovieti yenye sakafu nne au tano, mengine yamepakwa rangi upya. Monasteri iliyobomolewa mwaka 1937 ilifunguliwa tena mwaka 1990, ndogo mno kuliko ile ya kwanza. Mabomba makubwa yaliyovikwa kinga ya joto yanapita juu ya ardhi, yakipanda na kuvuka barabara, yakipeleka maji ya moto kutoka stesheni ya umeme hadi kwenye maghorofa. Joto hufunguliwa katikati ya Septemba na kufungwa katikati ya Mei. Hiyo ni miezi minane, na inatoa picha ya majira ya baridi vizuri kuliko kipimajoto chochote.

Kuzunguka maghorofa kuna mitaa ya mahema. Hema la Kimongolia, ger, ni la duara, mifupa yake ni ya mbao na ngozi yake ni ya sufu nene iliyoshindiliwa. Mlango daima hutazama kusini, jiko huwa katikati, na familia inayojua kazi yake hulisimamisha kwa saa moja au mbili. Mitaani kila hema, au nyumba ndogo ya mbao iliyojengwa kando yake, imezungushiwa ua mrefu wa mbao. Sheria inampa kila raia haki ya kupata kiwanja bila malipo, na katika makao makuu ya mkoa kiwanja hicho hufikia hekta 0.35. Ndani ya ua kuna rundo la makaa, choo cha shimo mwishoni, mbwa, na mara nyingi gari aina ya Toyota Prius iliyotumika Japani. Maji ya bomba hayafiki mitaa mingi ya namna hii. Watoto huenda kwenye kibanda cha maji na kurudi wakisukuma mkokoteni wenye pipa, jambo ambalo msomaji wa Mwanza au Kibera hahitaji kuelezwa, isipokuwa kwamba hapa maji yaliyomwagika njiani huganda kabla hujageuka kuyatazama.

Wastani wa Januari hukaribia nyuzi 20 chini ya sifuri, na zipo nyakati za usiku zinazoshuka chini ya 35. Wafugaji wa Mongolia wanayo kalenda yao ya baridi. Kuanzia siku fupi kuliko zote, Desemba, huhesabu tisa mara tisa, siku 81. Katika tisa la kwanza pombe ya maziwa huganda. Katika la pili huganda hata ile iliyokenekwa mara mbili. Katika la tatu, pembe za dume la miaka mitatu. La nne, pembe za dume la miaka minne. Tisa la tano, wali uliopikwa haugandi tena. La sita, njia zinaanza kuonekana nyeusi katikati ya theluji. La saba, vilele vya vilima vinatokeza. La nane, ardhi inalowa. La tisa, siku za joto zimefika. Kalenda hiyo imetungwa na watu waliokuwa wakiangalia mnyama, chakula na njia, vitu vitatu vya lazima kwa mfugaji.

Majira magumu kuliko yote, hata hivyo, hayako ndani ya zile siku 81. Ni majira ya kuchipua, Machi hadi Mei. Mifugo imekonda, majani ya zamani yamekwisha na mapya hayajaota, kondoo na mbuzi wanazaa, na upepo unavuma bila kizuizi ukibeba vumbi au theluji ya ghafla. Ndipo pia moto wa nyika unapowaka, mwingine ukivuka mpaka wa Urusi. Kabla ya hapo huenda kumepita janga wanaloliita dzud. Dzud huja kwa namna nyingi: theluji nene inayofunika malisho, theluji inayoyeyuka kidogo kisha kuganda tena na kuwa ngao ya barafu isiyovunjika kwa kwato, au kinyume chake, kukosekana theluji kabisa, na mifugo ikafa kwa kiu, maana mbali na mito theluji ndiyo maji ya kunywa. Majira ya 2009 na 2010 yaliua zaidi ya mifugo milioni 8 nchi nzima. Ya 2023 na 2024 yaliua zaidi ya milioni 7.

Wamongolia hufuga aina tano: farasi, ngamia, ng'ombe, kondoo na mbuzi. Dornod ni nchi ya kondoo na farasi. Mbuzi wameongezeka kwa sababu ya ile sufu laini ya chini inayochanwa mwilini mwao kila majira ya kuchipua na kuuzwa kwa viwanda vya nguo. Ndiyo fedha taslimu ya familia, ya kulipia ada ya chuo na deni la benki. Wataalamu wa malisho wanalalamika kwamba mbuzi wanakula majani mpaka mizizi, na lalamiko lina haki, lakini sijaona anayempa mfugaji chanzo kingine cha fedha.

Chakula kinafuata mwendo wa mifugo. Kiangazi ni maziwa: mtindi, malai mazito, maziwa ya jike la farasi yaliyochachushwa, na vipande vya jibini vilivyokaushwa juani juu ya paa la hema mpaka vikawa vigumu vya kuhifadhiwa mwaka mzima. Kipupwe ni nyama. Novemba baridi ikishakaza, familia huchinja ng'ombe au farasi mmoja na kondoo kadhaa kwa ajili ya miezi yote ijayo, na nyama hukaa nje kwenye ghala bila jokofu. Ndugu wa mjini hupelekewa fungu lao. Chai hunywewa na maziwa na chumvi, kutwa nzima. Mwaka Mpya wao, Februari mara nyingi, ni wa maandazi yaliyojazwa nyama na kupikwa kwa mvuke, yanayotengenezwa kwa mamia na kugandishwa nje kabla ya wageni kuanza kuja. Mdogo humshika mkubwa viwiko kwa chini anapomsalimu, na swali la kwanza ni iwapo mifugo imevuka vyema majira ya baridi. Habari za watu hufuata baadaye.

Watoto wa wafugaji huanza shule wakiwa na miaka sita, na shule iko kijijini kwenye makao ya wilaya. Kwa hiyo ama mtoto anaingia bweni, ama mama anahamia kijijini naye na baba anabaki peke yake na mifugo hadi kiangazi. Kizazi kilichopita kilipita kwenye mabweni karibu chote, na Mongolia ina watu wachache mno wasiojua kusoma. Lakini mgawanyiko huo wa familia unawauma, na mara nyingi ndio unaomaliza ufugaji wa nyumba fulani: mama akishazoea umeme na duka, na watoto wakishafika chuo Ulaanbaatar, hakuna anayerudi. Umeme wenyewe umefika nyikani kwa jua. Mpango wa serikali uliokamilika mwaka 2012 ulizipatia familia 100,000 za wafugaji paneli za sola kwa bei nafuu, za kutosha taa, televisheni na kuchaji simu.

Si Wakhalkha tu, kabila kubwa la Mongolia, wanaoishi hapa. Wilaya za kaskazini, kama Dashbalbar na Bayan-Uul, ni za Waburyati waliokimbia Siberia wakati wa mapinduzi ya Urusi na vita vilivyofuata. Wanajenga nyumba za magogo, wanaoka mkate, na waganga wao wa mizimu wana heshima kubwa. Katika miaka ya 1930 wanaume wao waliandamwa kwa tuhuma za ujasusi wa Kijapani, hasa katika kesi iliyobuniwa ya 1933 na 1934 inayojulikana kwa jina la Lkhümbe. Vijiji vikabaki na wanawake na watoto. Wabarga na Wauzemchin walivuka kutoka upande wa China, wengi wao mwaka 1945 vita vilipokwisha. Watu wa mkoa huu, kwa hiyo, wengi ni wajukuu wa wakimbizi, na nyika iliwapokea kwa kuwa ilikuwa na nafasi.

Nafasi hiyo inalindwa na sheria. Katiba ya 1992 inaruhusu raia kumiliki ardhi, isipokuwa malisho. Ule ua wa mbao wa mitaani Choibalsan unakoma kwenye kiwanja cha mwisho cha mji. Baada ya hapo hakuna uzio. Mkoa mwingine ukipigwa na dzud au ukame, wafugaji wake husafirisha makundi mamia ya kilomita kuja mashariki kutafuta majani. Wenyeji hunung'unika, mabishano hutokea, lakini wageni huja, maana mwaka mwingine wenyeji ndio watakaohitaji kwa wenzao.

Wanyamapori nao huishi kwa utaratibu huo huo. Nyika ya mashariki ina swala wa Mongolia zaidi ya milioni moja. Tumezoea kuambiwa kwamba hakuna uhamaji wa wanyama unaolingana na wa nyumbu wa Serengeti na Maasai Mara, na kwa wingi ulioshikana mahali pamoja sidhani kama upo. Lakini swala hawa wanatembea nchi pana kuliko ile ya nyumbu, tena bila mzunguko wa kila mwaka unaojulikana. Mvua haina ratiba Dornod. Inanyesha bonde hili mwaka huu na lile mwaka ujao, na swala hufuata majani popote yalipochipuka. Mwishoni mwa Juni majike hukusanyika kwa maelfu na kuzaa katika siku chache. Huwezi kuwawekea hifadhi yenye mipaka ukasema wamelindwa. Hifadhi zipo, ile ya Mongolia Mashariki ilitangazwa mwaka 1992, na sehemu za kaskazini ziliingizwa pamoja na za Urusi katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017, na ni jambo jema, hasa kwa korongo wanaokuja kuzaliana kwenye maziwa. Kwa swala, kinachowaokoa ni kukosekana kwa uzio nje ya hifadhi.

Wamongolia wanajua tayari uzio unavyofanya. Reli kuu ya kutoka Urusi kupitia Ulaanbaatar hadi China, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1950, ilizungushiwa nyaya pande zote mbili ili mifugo isigongwe na treni. Swala waliokuwa wakienda mpaka magharibi wakakatwa. Katika miaka ya theluji nyingi walifika kwenye nyaya, wakashindwa kupita, wengine wakanasa na kufa hapo.

Sasa reli mpya imo mezani. Mwaka 2010 Bunge la Mongolia lilipitisha sera ya kuvuta njia kutoka kusini, kupitia Khuut, hadi Choibalsan, ili mwishowe mji uunganishwe na nchi yake na madini yapate njia ya kwenda masoko ya Urusi na Pasifiki. Mafuta ghafi ya bonde la Tamsag, yanayochimbwa na kampuni ya Kichina, yamekuwa yakibebwa kwa malori hadi China, na magurudumu yamechora njia kumi kumi sambamba zilizoua majani. Treni moja ingeondoa malori mengi. Kwa mji uliopoteza viwanda, kuunganishwa na Ulaanbaatar kunamaanisha bei ndogo ya unga na saruji, na nyama ya Dornod kufika sokoni kabla ya kushuka bei. Watu wa Choibalsan wana haki ya kuitaka reli hiyo, na asiyewahi kungoja lori siku tatu kwenye dhoruba ya theluji asiwaambie kwamba upweke wao unapendeza.

Kenya ilipovusha reli mpya ya Mombasa katikati ya Tsavo ililazimika kujenga madaraja na njia za chini kwa ajili ya tembo, na mabishano kuhusu ukubwa na idadi ya njia hizo yalianza kabla treni ya kwanza haijapita mwaka 2017. Kwa swala wa Dornod njia za chini hazitoshi, kwani hawana mapito ya kudumu ya kuyajengea. Kilicho rahisi zaidi, na cha bei ndogo zaidi, ni kutoweka nyaya kabisa kwenye sehemu kubwa ya njia, treni zipunguze mwendo wanyama wanapokusanyika, na mfugaji alipwe fidia ya mnyama aliyegongwa. Mongolia imeshaanza kujaribu. Kwenye reli ya zamani, shirika la reli na wahifadhi walikubaliana kuondoa vipande vya uzio, na mwezi Machi 2020 punda mwitu alirekodiwa akivuka kuingia nyika ya mashariki, jambo lililokuwa halijaonekana kwa miaka 65. Vipande vilivyoondolewa ni vifupi na uzio uliobaki ni mamia ya kilomita. Kwenye njia ya Choibalsan hakuna cha kuondoa bado, na wahandisi watakaoichora wana nafasi ya kuiacha wazi tangu mchoro wa kwanza.